Mbio za Elisha

Harufu ya majani mabichi ya ng'ombe bado hunirudisha kwenye uwanja wa shule yetu kule Lemara, miezi ile ya baridi baada ya masika, watafiti wa chuo walipokuja kupima jinsi watoto tunavyokimbia, tunavyoruka na tunavyosimama kwa mguu mmoja. Wenzangu waliona ni mchezo tu. Nani asiyejua kukimbia? Kwetu haikuwa mchezo. Mdogo wangu Elisha alichelewa sana kutembea, na Mama alimbeba mgongoni mpaka majirani wakamuuliza kama na kwa mchumba atampeleka hivyohivyo. Kukimbia alimkataza kabisa. Sasa Elisha alikuwa ameanza darasa la kwanza, na Mama alishasema: wataalamu wakiona miguu yake haifai, anamrudisha nyumbani. Elisha aliipenda shule kuliko wali, na juma lile hata wali ulimshinda.

Siku yenyewe Mama alisimama pembeni ya uwanja na kanga ya kubebea begani, eti ikibidi. Elisha akaambiwa akimbie hadi kwenye koni, azunguke, arudi. Jamani, alikimbia vibaya, mikono kaitanua kama bata anayefukuzwa, lakini alikimbia. Mara bibi mmoja wa Kiarusha, jirani yetu, akakatisha uwanja na mzigo wa majani kichwani. Elisha akasimama kabisa, akainamisha kichwa mbele yake. Ndivyo tulivyolelewa mtaani, Waarusha, Wameru na hata sisi Wachaga wa kuja: mtu mzima hapitwi hivihivi, unainama akuguse utosini ndipo uendelee. Bibi akatua mzigo, akamgusa, akamuuliza habari za shule. Mtafiti, dada mmoja aliyeshika saa, akabaki ameduwaa.

"Mbona umesimama?" akamuuliza Elisha.

"Si namsalimia bibi," akajibu, akimshangaa.

Akaambiwa arudie. Bibi naye akakalia mzigo wake atazame. Safari hii Elisha alikwenda na kurudi bila kuanguka, akihema, anacheka. Yule dada akamfuata Mama.

"Shikamoo, mama. Miguu yake sioni shida. Amekosa kucheza tu."

Mama aliikunja kanga yake taratibu, akaitia kwenye mkoba, akalia mbele za watu, yeye ambaye hata msibani hujikaza. Nilimpenda sana siku ile. Jioni Elisha alirudi magoti yamechubuka, na hakuna aliyemgombeza.

Leo uwanja ule umebanwa na nyumba, watoto wanashushwa getini na gari la shule, na wa kuinamisha kichwa simwoni tena. Mama anaumwa magoti, kwake kwenda kanisani ni safari. Elisha, jitu zima lenye miguu mirefu, angeweza kufika kabla kengele haijanyamaza, lakini kila Jumapili humshika mkono, wakaenda hatua ndogondogo, wakisimama kila Mama anapotaka kupumzika. Mama humwambia atangulie, asije akachelewa ibada kwa ajili yake. Hatangulii.