Mbegu Iliyohamia kwa Majirani

Kwa miaka mitatu kituo cha utafiti wa kilimo kilinituma kwenye kaya zilezile, pembezoni mwa Mbagala, kuuliza maswali yaleyale. Kituo kilikuwa kimegawa mbegu mpya ya muhogo isiyoshikwa na ugonjwa wa batobato unaokunja majani, na wakubwa walitaka kujua nani ameendelea nayo na nani ameiacha. Kwa hiyo kubadilisha kaya ilikuwa marufuku: aliyeulizwa mwaka wa kwanza ndiye aulizwe hadi mwisho.

Niliyempenda zaidi ni mama mmoja mjane, mzaliwa wa hapohapo, mwenye kijishamba nyuma ya nyumba. Nikifika namwamkia, ananiwekea kigoda, nafungua kishikwambi.

"Ile mbegu yetu bado unapanda, mama?"

"Napanda, mwanangu."

Nikajaza ndiyo. Mwaka wa pili, ndiyo tena. Kituoni nikawa namtolea mfano kwa majivuno, utadhani nimelima mimi.

Mwaka wa tatu tukaagizwa tujionee mashamba wenyewe. Mama akainuka taratibu, akanipeleka nyuma. Mbegu yetu niliijua kwa vikonyo vyake vyekundu. Pale sikuona chekundu hata kimoja.

"Mama, iko wapi?"

"Niliwapa majirani. Hii yangu ya zamani ndiyo kisamvu chake kitamu."

"Na miaka yote unaniambia unapanda?"

"Unatoka mbali, jasho linakutiririka, unauliza kwa adabu. Nikwambie hapana, ukalie njiani?"

Sikujua nicheke au ninune. Akanionesha juu ya ua: kulia, kushoto na nyuma, mihogo yenye vikonyo vyekundu imefika madirishani. Hakuna hata jirani mmoja aliyekuwamo kwenye orodha yangu.

Nikampigia msimamizi.

"Jaza hapana," akasema. "Majibu ya nyuma tutayarekebisha."

"Na majirani?"

"Hao hatuwaulizi."

Nikajaza hapana, kisha kwenye nafasi ya maoni nikaeleza habari za majirani mpaka nafasi ikaisha. Mama alikuwa akinichungulia begani.

"Umeandika nimekosa?"

"Nimeandika umegawa."

Akaridhika. Akauliza kama nitarudi mwakani, nikamwambia utafiti umekwisha.

"Basi njoo bila maswali."

Nilikwenda kweli, Jumapili moja nikitoka kanisani. Maswali akawa nayo yeye: nimeoa, sijaoa, nangoja nini. Nilijibu kila alichotaka kusikia.