Kompyuta ya Kwaya na Kanga ya Mama

Kwa fundi kompyuta hapa Kyela mjini nilimkuta mama wa Bujonde, ameleta kompyuta yenye nyimbo zote za kwaya yao. Ilikuwa inachemka na kuzimika. Gundi iliyokauka ilikuwa imeigandisha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kwenye feni.

"Nikivuta hivi hivi prosesa itavunjika miguu, hivi visindano vya chini yake," fundi alisema. "Niiwashe kwanza, ipate joto, gundi ilainike."

Imeletwa kwa kuchemka, naye anaichemsha. Nikachungulia ndani kama aliyeelewa.

Fundi alipoiwasha na kugeuka kutafuta bisibisi, mama akavua kanga ya begani, akaanza kuipepea kompyuta.

Fundi akaizima, akazungusha feni taratibu. Prosesa haikuachia. Ndipo akaiona kanga mkononi mwa mama.

"Mama, mgonjwa huyu tunamtibu kwa homa, usimpoze."

Akaiwasha upya, ikapata joto, akaizima na kuzungusha tena. Safari hii prosesa ikaachia, miguu yote mizima.

"Ndaga fijo," mama akashukuru. "Sasa naruhusiwa kuipepea?"

Fundi akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, bila kujua nimekubali nini.