Makopo Kumi na Mawili ya Maharage

Fomu ya kuomba ufadhili wa utafiti wa shahada ya pili ilikuwa na kurasa sita. Tano nilizijaza siku moja. Ukurasa wa mwisho ulitaka matokeo ya jaribio la wiki kumi na mbili, lililofanywa na mwombaji mwenyewe. Waombaji hawakutakiwa kuzidi miaka arobaini, nami nilikuwa na thelathini na tisa. Masomo ya kidato cha sita niliyasoma peke yangu baada ya saa za kazi, nikaingia chuo nikiwa mtu mzima. Kila hatua niliifikia nimechelewa, na hii haikuwa na mwaka mwingine.

Jaribio langu lilihusu fukusi, wale wadudu wadogo wanaotoboa maharage ghalani. Nilinunua maharage sokoni Kariakoo, nikayagawa katika makopo kumi na mawili ya maziwa ya unga. Manne niliyachanganya na majani makavu ya mwarobaini, manne na majivu, manne nikayaacha hivyo hivyo. Katika kila kopo nilitia fukusi ishirini. Kila Jumamosi nilimimina kopo moja moja kwenye sinia, nikahesabu wadudu na punje zilizotobolewa, nikaandika, nikarudisha. Makopo yalikaa uvunguni mwa kitanda changu, katika nyumba ya vyumba sita karibu na Msimbazi nilimokuwa mpangaji.

Baada ya hesabu ya wiki ya tisa, maabara niliyofanyia kazi ilitupeleka kuvuna mpunga kwenye shamba la wafanyakazi kwa siku saba. Ufunguo wa chumba nilimwachia mama mwenye nyumba. Ndivyo tulivyofanya wapangaji wote tuliposafiri, maana bati lilikuwa likivuja.

Niliporudi nilimkuta ameketi uani, mbele ya mkeka uliojaa maharage yaliyoanikwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda! Hivi wewe, msomi mzima, unafuga wadudu kwenye chakula? Watu wanapanga foleni madukani tangu alfajiri, wewe maharage yanaliwa uvunguni!"

Nilipokuwa shambani aliingia kukinga maji ya mvua, akaona fukusi wanatembea sakafuni. Akayamwaga makopo yote kwenye ungo mmoja, akayapeta, akayaosha majivu, kisha akachambua punje moja moja kwa siku mbili, na mgongo wake ule mbovu. Makopo alikuwa ameyasugua kwa mchanga na kuyapanga ukutani.

"Mabovu nimewapa kuku," alisema. "Mazima yako hayo."

"Asante sana, mama."

Kwake, kuona chakula cha jirani kinaharibika ukapita kulikuwa ni ukosefu wa utu.

Muda wa kuanza upya kabla ya mwisho wa kupokea fomu haukuwapo. Kazini nilimweleza mwenzangu wa meza ya pili. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Jaza tu, ndugu. Wiki tatu hizo si unazijua zitakavyokuwa?"

"Nazikisia."

"Basi andika unavyokisia. Nani atafufua fukusi wako awahesabu upya?"

Jioni ile nilikaa bustani ya Mnazi Mmoja na daftari, nikajaza wiki tatu kwa penseli. Tarakimu zilipanda kwa mpangilio mzuri kuliko zote nilizowahi kuhesabu. Hilo ndilo lililonishtua. Katika wiki tisa za kweli, hakukuwa na makopo mawili yaliyokubaliana hivyo. Nilifuta. Kwenye fomu niliandika: jaribio lilikatika baada ya wiki ya tisa, sampuli zikachanganyika.

Kwenye usaili walikuwa watatu. Mwenyekiti wao aliuliza, "Nani alizichanganya?"

"Mimi. Sikuzihifadhi inavyotakiwa."

"Na unataka tukukabidhi maabara?"

"Ndiyo, ndugu mwenyekiti."

Aliandika kitu kifupi. Hawakuniuliza juu ya mwarobaini.

Barua ilikuja baada ya wiki tano, aya moja: matokeo hayakutimia, nafasi imepewa mwombaji mwingine. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Mama mwenye nyumba alikuwa akisuka ukili barazani.

"Wamesemaje?"

"Wamempata mwingine, mama."

Aliweka ukili chini. "Hawajui kuchagua watu hao. Wangekuja hapa wakaniuliza mimi, ningewaambia wewe ni mtu wa namna gani."

Nilikunja barua, nikamwambia ni kweli, hawakumwuliza.