Tetea Aliyewika

Mama alimnunua yule kuku karibu na stendi ya Buzuruga, siku aliyokuja mjini kunitembelea, akarudi naye Magu amemfunga miguu ndani ya kikapu. Muuzaji alimwapia kwamba ni tetea mwenye damu ya kuku wa mapambo, na kwamba akianza kutaga hapumziki. Alikuwa mdogo wa umbo, kahawia yenye michirizi ya dhahabu, mkia mfupi wa mviringo. Wiki zikapita bila yai. Mama alimlaumu kuku, akamlaumu muuzaji, halafu akanilaumu mimi niliyekuwa nimesimama pale pale sokoni, eti mwalimu wa baiolojia.

Asubuhi moja tetea akawika.

Kwetu Usukumani kuku jike akiwika ni msiba unabisha hodi, na anayetajwa ni mwenye mji. Dawa yake ni kisu, kabla hajarudia. Wazazi wangu ni watu wa kanisa. Baba ni mzee wa kanisa, mama yuko kwaya. Lakini kuna mambo mtu huyaacha mlangoni mwa kanisa, na akitoka huyakuta yanamsubiri.

Mama alishika kisu. Baba akamzuia.

"Mwache. Ameshasema. Ukimchinja, maneno yatarudi tumboni mwake?"

Ndipo mama akanipigia simu, sauti yake imebadilika. Baba alikuwa apasuliwe tezi dume wiki iliyofuata, hospitali hapa Mwanza, na sasa amesema haendi. Daktari alikuwa ametuambia waziwazi kwamba akichelewa figo zitaharibika. Tayari alikuwa anatembea na mpira wa mkojo na kifuko chake, anakificha chini ya shuka akidhani hatukioni.

Ukweli ni kwamba hakutaka kwenda hata kabla ya kuku. Rafiki yake wa mashine ya mpunga alikuwa amemwambia kwamba mwanamume akikatwa pale anarudi jike. Baba akamwambia mama, mama akaniambia mimi, na mimi kwa kuwa ni binti nikatakiwa kujifanya sijui. Baba na binti kwetu wanaweza kuzungumza mpunga, ng'ombe na Mungu. Habari za pale hawazungumzi. Kuku alikuja kumpa tu sababu inayotajika mbele za watu.

Nilikasirika sana. Na niliogopa, nasema wazi, niliogopa kumzika baba kwa ajili ya kuku.

Jumamosi nikaenda. Nikampa baba shikamoo, akaitikia bila kunitazama, nami nikaenda moja kwa moja kumkamata mtuhumiwa. Nyuma ya miguu yake kipi, ule mwiba wa jogoo, kilikuwa kimeanza kuchomoza. Nikambeba mpaka kwenye kiti cha baba.

"Baba, huyu ni jogoo."

"Jogoo gani ana mkia huo?"

Hakuwa mjinga. Amefuga kuku tangu anapata akili, na jogoo anajulikana kwa manyoya marefu ya shingo na mkia uliopinda kama mundu. Huyu hakuwa na kimojawapo. Mimi mwenyewe jogoo wa namna hiyo nilikuwa nimemwona kwenye picha tu, chuoni.

"Ni mabaki ya virusi, baba. Yamo ndani ya—"

Mama akaweka sahani chini. "Kuku ana virusi?"

Huku kwetu neno hilo lina maana moja tu, na hutamkwa kwa kunong'ona. Baba akatikisa kichwa polepole.

"Kumbe ni mgonjwa pia," akasema.

Ikabidi nianze upya, safari hii bila vitabu. Mgeni siku mbili, nikawaambia, siku ya tatu mpe jembe. Zamani kirusi kilimwingia ndege, lakini badala ya kuishia kwenye mapafu kikaingia kwenye mbegu ya uzazi. Yule ndege hakufa. Kifaranga wake akazaliwa na kirusi ndani ya urithi wake, kama rangi ya macho, akampa mwanawe, naye mwanawe. Wageni wa aina hiyo ni wengi. Wengine waliingia kabla binadamu hajafuga kuku, wengine baadaye. Karibu wote wameharibika njiani, wamesahau hata namna ya kuambukiza. Ndege wote wana mabaki hayo, na sisi watu tunayo.

"Hata mchungaji?" mama akauliza.

"Hata mchungaji."

Mengi yamelala tu, nikaendelea. Machache yalipewa jembe. Kuna kuku wanaotaga mayai ya rangi ya bluu kwa sababu mabaki ya kirusi yalikaa mahali fulani. Ya huyu, nikasema, nadhani yamekaa jirani na sehemu inayoongoza homoni ya kike, yanaiwasha kwenye ngozi, mahali isipotakiwa kuwaka. Manyoya yakiota yanapokea amri ya jike. Nikawaambia pia kwamba sina maabara ya kulithibitisha hilo, ninamsoma kwa macho tu.

"Na ndani?" baba akauliza.

"Ndani ni dume, baba. Dume kamili."

Nilikuwa natazama kuku. Naye alikuwa anatazama kuku.

"Hayo ni maneno, mayu," akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Ndivyo anavyoniita akiwa hataki kunikatalia. "Kuku anafunguliwa, anatazamwa."

Babu yake alikuwa mganga wa kuku, wa kumpasua ndege na kusoma yaliyomo, na uzee wa kanisa haukumsahaulisha baba mahali pa kutazama. Nilimhurumia yule jogoo. Akiwa jike alistahili kisu, akiwa dume ushahidi ulihitaji kisu. Baba aliinuka mwenyewe, kifuko kikicheza chini ya shuka, akachinja, akanyonyoa, akapasua. Kando ya uti wa mgongo zilikuwepo mbili, nyeupe rangi ya maziwa, kubwa kama maharage. Akaziinua kwa ncha ya kisu.

"Mapumbu," akasema kwa sauti, mbele ya binti yake, na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Akamgeukia mama. "Jogoo wa shamba hawiki mjini. Wewe umekwenda mjini kutuletea wa kuja kuwika shamba, tena amevaa gauni."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba alibaki ameinamia beseni. Bila kuinua uso akauliza, "Na mtu je? Akikatwa hiyo tezi?"

Nikajibu kama ninavyojibu darasani, kwa sababu sikuwa na sauti nyingine. "Tezi si hizo, baba. Hizo haziguswi. Mengine utamwuliza daktari, lakini hizo zinabaki kwako."

Akanawa mikono muda mrefu.

Tulimla na wali. Firigisi ni ya baba, akapewa. Mama aliuma kipande kidogo, akaacha kutafuna. "Na vile virusi?"

"Vimeiva, mama."

Wiki iliyofuata nilimsindikiza baba hospitali. Muuguzi akampa gauni la kijani, lile la kufungwa kamba mgongoni, linaishia magotini. Sikuwahi kumwona baba bila suruali au shuka, nikageukia dirishani kumsitiri. Nikasikia kitanda cha magurudumu kinasukumwa, kisha kinasimama.

"Mayu."

"Abee, baba."

Nikageuka. Alikuwa anavuta pindo la gauni, linagoma kufika chini.

"Mpigie mama yako," akasema. "Mwambie haya ni manyoya tu."