Mwanne wa Kompyuta na Jina Moja kwa Wote

Mwanne binti Mfaume, wa hapa Tabora mjini, hutengeneza programu za kompyuta za zahanati. Huanza baada ya sala ya alfajiri, taratibu, kama mtu anayekanda unga wa maandazi. Mwenyezi Mungu amempa subira ambayo wengi wetu hatuna.

Fundi anapoiweka programu kwenye mashine ya zahanati, huandika neno la kuiruhusu ifanye kazi kadhaa kwa pamoja. Kazi hizo wenyewe huziita nyuzi. Katika programu zake kumi na nne, Mwanne neno hilo aliliita "sambamba". Alilipenda, na ndilo alilofundishia watu. Gerson wa Igunga, mtengenezaji mwenzake mwenye programu tatu, aliliita "nyuzi".

Basi fundi Twalibu, anayezifunga programu za wote wawili, alipokwenda zahanati ya Kwihara, akaandika "sambamba" kila mahali. Programu ya Gerson haikulijua neno hilo, wala haikusema kitu. Ikawa inafanya jambo moja moja tu: muuguzi akichapa kadi, kuandikisha kunasimama. Akina mama, watoto mgongoni, wakapanga foleni mpaka alasiri.

Twalibu aliporudi, akamsimulia Mwanne. Kesho yake Twalibu alikuwa aende Ulyankulu na programu zilezile. Mwanne akampigia Gerson simu palepale.

"Kaka, tuwe na jina moja."

"Sawa, liwe langu. Mimi nimeanza, dada, wewe ungali unauza vocha!"

"Vocha zenyewe ulikuwa unazikwangua mpaka namba zinafutika!"

Gerson akacheka, lakini hakulegea.

"Usikubali, dada," Twalibu akanong'ona pembeni. "Zako kumi na nne, zake tatu. Abadilishe yeye."

Mwanne akaona ubishi utaila siku nzima, na wa kuumia ni wale wenye watoto mgongoni.

"Haya, liwe nyuzi. Nabadilisha zangu leo. Ila zako nazo, mtu akiandika neno zisilolijua, zisimame zimwambie. Zisikae kimya."

Gerson akashangaa.

"Zote kumi na nne? Leo?"

"Leo, inshallah."

"Ah, dada, umeniweza. Nitumie saba nikusaidie."

Kabla ya adhana ya magharibi, programu zote kumi na saba zilikuwa na neno moja. Kesho yake huko Ulyankulu Twalibu aliliandika hilo tu. Kadi zikachapwa huku wengine wakiandikishwa, na saa nne asubuhi benchi la zahanati lilikuwa tupu.