Namba ya Majani

Kama uchovu ungepimwa kwa mizani, Tecla angejaza gunia kabla ya saa nne asubuhi. Ana saiba, duka la intaneti, hapo Kiptere, kompyuta tatu na printa inayokohoa, na kwa miaka kumi na mmoja swali moja amelisikia zaidi kuliko hata salamu: "Tecla, password yangu ilikuwa gani?" Watu hawa husahau kila kitu isipokuwa namba ya majani.

Hiyo hawaisahau. Kila mkulima wa chai ana namba yake kiwandani, na siku ya kupima majani karani huitaja kwa sauti kubwa kituoni, ng'ambo ya barabara, mwenyewe akaitikia. Imeandikwa pia kwenye risiti, na risiti hupeperuka hadi mlangoni pa saiba. Basi miaka ile ya mwanzo, Tecla alipochoka kubahatisha majina ya ng'ombe na ya wajukuu, alikata shauri: kila anayemfungulia baruapepe, neno lake la siri litakuwa namba yake ya majani. Foleni ikapungua. Wakasema ana akili huyu mama, naye, tuseme ukweli, sifa zile zilimwingia.

Jumatatu moja Mzee Kipkurui aliingia akiwa ameshika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba yai. Yeye na bintiye Joan hutumia baruapepe moja, ile ambayo Tecla aliwafungulia Joan akiwa bado shuleni. Sasa Joan ni muuguzi huko Bomet na ameomba kazi ng'ambo. Mahojiano yalikuwa Alhamisi, kwa njia ya mtandao, na mwaliko wake ungepitia humo humo. Kanisa zima lilikuwa limeshayaombea mahojiano hayo.

"Chamgei, Tecla," mzee akamsalimu. "Factory imeniandikia. Wanasema nisipojaza details kabla ya saa kumi, jina yangu inatolewa kwa register."

Tecla akausoma ujumbe. Majina ya mzee yalikuwepo, yote matatu. Namba ya majani pia ilikuwepo.

"Ni wao tu," mzee akasema. "Nani mwingine anajua namba yangu?"

Nyuma yake walisimama watu wanane, wawili kati yao wakigombania kiti. Tecla hakuwa ametia hata chai kinywani, yeye anayeishi katikati ya chai. Wiki iliyotangulia tu alisimama mbele ya akina mama wa kanisa akawaonya: msifungue linki msiyoijua, factory haiwezi kukuuliza password, soma kwanza anwani ya aliyekuandikia. Aliyasema vizuri, wakampigia makofi. Sasa alikuwa amechoka, na linki akaifungua.

Ukatokea ukurasa wa kijani wenye picha ya jani, ukaomba baruapepe na neno la siri. Vidole viliandika vyenyewe. Kisha ukurasa ukawa mweupe, usirudi.

Hapo ndipo alipoitazama anwani. Jina la kiwanda lilikuwepo kweli, lakini nyuma yake kulifuata mkia mrefu wa herufi zisizo na maana.

"Imekubali?" mzee akauliza.

Angeweza kusema ndiyo. Alikuwa amechoka vya kutosha kusema ndiyo. Mzee angeshukuru na kwenda zake, na Alhamisi Joan angekaa akingoja barua iliyo mikononi mwa mwizi, na hakuna ambaye angejua ilipotelea wapi. Tecla alilifikiria jambo hilo, na aliona aibu kwamba alilifikiria.

"Baba Joan, kaa chini," akasema. "Nimekosea. Hii si factory. Nimepea mwizi password yenu."

Wale wawili wa kiti wakaacha kugombana.

Akajaribu kuingia, akakataliwa. Mwizi alikuwa ameshabadilisha. Akabonyeza pale pa waliosahau, na tarakimu za kumthibitisha zikatumwa kwa simu iliyosajiliwa. Ikalia mfukoni mwa sweta ya Tecla mwenyewe, maana enzi zile hata namba ya simu aliwawekea ya kwake. Mwizi alikuwa bado hajaibadilisha namba hiyo. Tecla akaingia, akaitoa simu ngeni iliyokuwa imejiunganisha, akatafuta. Barua ya Joan ilikuwepo, imeingia asubuhi hiyo, haijafunguliwa. Akaichapisha mara mbili. Halafu akaiondoa namba yake, akaweka ya Joan.

Akamsogezea mzee kibodi. "Andika password mpya, wewe mwenyewe. Namba ya majani usiweke. Mwambie Joan peke yake. Mimi sitaki kuijua."

Akageuka akaelekea ukutani. Mzee akadonoa herufi moja moja, kwa muda mrefu.

"Na nikisahau," akauliza kwa upole, "nitauliza nani?"

"Joan."

"Mimi nilikuwa nimekuzoea wewe."

Hakukuwa na lawama ndani ya sauti yake, na hilo ndilo lililomuuma Tecla. Aliendelea kutazama ukuta mpaka macho yakakauka.

Mzee alipotoka, ng'ambo ya barabara karani alikuwa ameanza kupima. "Mbili tatu moja sifuri!" Mtu akaitikia. Hiyo ilikuwa ya Atuti, na ilifungua baruapepe yenye nakala ya hati ya shamba lake. Iliyofuata ilikuwa ya Molly, aliyetunza humo vyeti vya watoto. Tecla alizijua zote kwa kichwa. Akatoa daftari kubwa chini ya meza, majina zaidi ya mia tatu, akachukua simu aanze na la kwanza.

Karani akaita namba ya tano. Sauti iliyoitikia ilikuwa ya mume wa Tecla, naye baruapepe yake ilifunguka kwa namba hiyo hiyo.