Alitupa Vitabu Kwenye Mvua

Nimeshaona mtu akikamatwa na polisi. Nimeona na mtu akikamatwa na mke wake.

Ila mtu kujikamata mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya shule nzima, tena kavaa suti mpya? Hilo nimeliona mara moja tu.

Na maikrofoni nilikuwa nimeishika mimi.

Naitwa Etagegn. Nafundisha Kiamhari katika sekondari moja huku Gojam, Ethiopia. Jina la shule nalihifadhi, maana bado nakula hapo. Kila mwaka naandaa shindano la wanafunzi kughani mashairi, na nikishalianzisha usije ukaniambia niliache. Tutakosana.

Mwaka huo tulianza vibaya. Hatukuwa na hata kitabu kimoja cha mashairi, maktaba ilikuwa imefungwa tangu masika.

Mkuu wa shule, Ato Mulualem, alitwambia paa limevuja na vitabu vimeoza. Mtaani walisema kavitupa ili chumba akikodishe. Ukichungulia dirishani, kweli, magunia ya nafaka ya teff mpaka darini. Wanafunzi walikuwa wanakariri kwa kupokezana kurasa chache zilizochanika.

Na huyo bwana alivyo bahili! Mtu wa kuokota vipande vya chaki sakafuni, halafu anatuhubiria walimu wazima kwamba yeye hapotezi kitu.

Siku moja akaniita ofisini.

"Shindano lipo," akasema. "Lakini mkuu wa elimu wa kanda anakuja, na nafasi ya naibu wake iko wazi. Shairi la ufunguzi litanisifu mimi. Kila shairi nitalisoma na kulipiga muhuri. Mwanafunzi akiongeza neno moja nje ya karatasi, namfukuza. Na wewe utamfuata."

"Mtihani wa taifa uko mlangoni, mkuu. Unamfukuza mtoto kwa neno?"

"Neno moja, Etagegn."

Nilitoka na hasira. Nikawaeleza darasa la kumi na mbili vilevile nilivyoambiwa, sikupaka sukari.



Mkono mmoja ukanyanyuka. Enguday, binti wa mama muuza pombe ya tella, mghani wangu bora. Kwao hakuna mwingine aliyewahi kufika darasa hilo.

"Mimi nitamsifu," akasema.

Darasa likalipuka. "Kibaraka!" "Umehongwa nini wewe?"

"Nimehongwa chaki," akajibu, akakaa.

Niliumia, sitaficha. Nikajisemea, hata huyu wamemnunua.

Ato Mulualem alilisoma lile shairi akitabasamu peke yake. Akapiga muhuri juu, akapiga na chini.

Sasa hapa unielewe. Kwetu shairi lina nta na lina dhahabu. Nta ndiyo unayoisikia, dhahabu imefichwa ndani yake. Watoto wanajua, walevi wanajua. Lakini mtu akisifiwa, akili inalala.

Kiamhari kilikuwa na neno lake, ila namshukuru Mungu Kiswahili nacho kina la kwake, kwa hiyo nakupa kwa Kiswahili. Mistari iliyoleta balaa ni hii:

*Mkuu wetu karimu, wema wake twaujua,*
*Vitabu vyote vya shule, alitupa kwenye mvua,*
*Ufunguo alitupa, nani hajalitambua?*

Umeiona? Mimi niliisoma kwenye karatasi, hasira zikanifumba macho, sikuona kitu.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, wazazi wamevaa mashuka meupe, na mbele kabisa mgeni rasmi, yule mkuu wa elimu wa kanda, Weyzero Askale, mama mwenye macho ya kupima watu. Ato Mulualem kando yake, anang'aa.

Enguday akapanda, mimi nikamshikia maikrofoni. Akaghani mara ya kwanza. Kwenye "alitupa" akakinga viganja viwili kifuani, kama mtu anayepokea zawadi.

Makofi! Mkuu akainama kwa unyenyekevu. Mimi nikaangalia pembeni kwa aibu.

Kwetu mghani hurudia ubeti. Akarudia.

Safari hii, alipofika kwenye "alitupa", akanyanyua mkono na kurusha kitu nyuma ya bega, hivi, kama mtu anamwaga maji machafu uani.

 Ndipo macho yangu yakafumbuka.

Akafika kwenye ufunguo. Akaurusha nao.

Mama mmoja huko nyuma akapiga kigelegele kirefu, na ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Watu walikuwa wanagongana mabega: "Umesikia? Umeisikia dhahabu?"

"Zima hiyo maikrofoni!" Ato Mulualem akanifokea. "Etagegn! Zima!"

Nilimtazama. Nikaiona kazi yangu inaondoka, nikauona mtihani wa mtoto yule unaondoka. Nikasema potelea mbali.

"Sizimi, mkuu. Hajaongeza hata neno. Ni karatasi yako, muhuri wako, juu na chini."

Akapanda jukwaani mbio, akamnyooshea Enguday kidole. "Umefukuzwa! Umenitukana!"

"Nimekutukana nini, mkuu?" Enguday akauliza kwa adabu zote. "Nimesema ulitupa vitabu. Ulitupa sisi."

"Usinifanye mjinga! Unasema nilivitupa jalalani!"

"Basi sema mwenyewe, mkuu. Ulivitupa?"

Watu wakacheka tena. Na hicho kicheko ndicho kilichommaliza. Kuitwa mwizi angevumilia, lakini kuitwa mpotezaji wa mali, yule bahili? Akaninyang'anya maikrofoni.

"Mimi situpi kitu!" akanguruma. "Hata kimoja sikutupa! Vilikuwa vizima kabisa, paa halijavuja! Niliviuza vyote kwa wauza kolo, wafungie shayiri yao ya kukaanga!"

Mungu wangu.

Hakuna aliyelijua hilo. Mimi sikulijua, Enguday mwenyewe hakulijua. Alichimba dhahabu moja, chini yake ikatoka nyingine.

Weyzero Askale akavua miwani taratibu.

"Endelea, Ato Mulualem," akasema. "Tunakusikiliza. Na pesa zikaenda wapi?"

 Mkuu akaanza kurudi nyuma, maikrofoni bado mkononi.

Enguday akaichukua kwa upole, kwa mikono miwili, vile tunavyofundishwa kupokea kitu kwa mtu mzima. Akanigeukia.

"Mwalimu, nimebakiza ubeti mmoja. Nimalizie?"

"Malizia, mwanangu," nikasema. "Tena urudie."

Akarudia. Akafanya na mtihani wake, akafaulu.

Funzo langu ni fupi. Ninyi mnaopenda kuwaandikia watoto cha kusema, pigeni mihuri yenu mpaka wino uishe. Maneno mtayakagua. Mikono yao hamtaiweza, na mimi naifundisha kila Alhamisi.